Kamba Hukatikia Pembamba: Bajeti ya Nishati na Tabianchi Ikipunguzwa, Busia na Malaba Hupata Nini

Kila mwezi Juni, Waziri wa Fedha wa Kenya anaposoma bajeti bungeni, sisi wa Pwani husikiliza mambo mawili matatu: bei ya unga, bei ya mafuta, na kodi mpya. Yaliyobaki huyaachia wataalamu. Lakini katika miaka ya karibuni, maamuzi makubwa ya nishati na tabianchi hayajafanywa katika wizara zinazohusika. Yamefanywa Hazina Kuu, palipotafutwa pesa za kupunguza.

Makala haya yanaeleza jinsi upunguzaji huo unavyofanya kazi, na matokeo yake katika miji miwili ya mpakani: Busia na Malaba, upande wa Kenya. Tumeichagua miji hiyo kwa sababu mpakani bei mbili za nchi mbili hukutana barabara moja, na sera ikikosewa Nairobi, kosa huonekana pale kwa macho. Tena kuna undugu wa njia: mafuta yanayopita Malaba yameshushwa hapa kwetu Kipevu.

Miji yenyewe na njia ya mafuta

Busia na Malaba yote miwili imo katika Kaunti ya Busia. Malaba iko kaskazini, Teso Kaskazini, na ndiko inakopita barabara kuu ya kutoka Mombasa pamoja na reli ya zamani ya kwenda Kampala. Busia iko kusini yake, kwenye barabara inayotoka Kisumu. Kila mmoja una pacha wake ng'ambo, upande wa Uganda, wenye jina lilelile. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni.

Hata neno boda boda, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, lilizaliwa katika mipaka hii. Waendesha baiskeli walikuwa wakiwavusha watu na mizigo katika ile nafasi iliyo baina ya vituo viwili vya forodha, na kuwaita abiria kwa kutaja "boda". Baiskeli ikawa pikipiki, na pikipiki hunywa petroli. Kwa hiyo kijana wa Busia huijua bei ya lita kabla mchumi hajaandika ripoti.

Mafuta yakishashushwa Mombasa husafiri kwa bomba hadi Nairobi, kisha Eldoret na Kisumu. Bomba linaishia hapo. Mpango wa kulifikisha Uganda umezungumzwa kwa muda mrefu bila kujengwa, kwa hiyo mafuta ya Uganda na ya nchi za mbele yake huendelea kwa malori ya tangi kupitia Malaba na Busia. Uganda haina bandari, na sehemu kubwa ya mafuta yake hupita njia hii. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma mpakani kwa sababu ya vipimo vya Korona, bei ya petroli Uganda ilipanda ghafla na vituo vingine vikakauka.

Njia nne za serikali kupunguza mzigo wake

Watu wakisikia "kupunguza bajeti" hudhani ni fungu fulani kufutwa. Katika nishati na tabianchi, serikali hujipunguzia mzigo kwa njia nne, na kila moja ina athari yake.

Ya kwanza ni kuondoa ruzuku, yaani fedha ambazo serikali hulipa ili bei isipande.
Ya pili ni kuongeza kodi au tozo juu ya nishati yenyewe ili kuziba pengo.
Ya tatu ni kuahidi na kuchelewa kulipa. Kwenye karatasi fungu lipo, ila pesa hazitoki. Hii ndiyo isiyoonekana, na huenda ndiyo yenye madhara zaidi.
Ya nne ni kumwachia mtu mwingine mradi, awe mfadhili, kampuni binafsi au serikali ya kaunti.

Kenya imezitumia zote nne tangu 2021.

Ruzuku ya mafuta: ilivyokuja na ilivyoondoka

Tangu mwisho wa 2010 bei za juu kabisa za petroli, dizeli na mafuta ya taa hupangwa na serikali. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, ambayo hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi. Julai 2020 tozo ya maendeleo ya petroli ilipandishwa kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40 kwa lita. Nia ilikuwa kuweka akiba ya kulinda bei soko la dunia likipanda.

Soko likapanda kweli. Kuanzia Aprili 2021 serikali ilizuia bei isipande na kuahidi kuzilipa kampuni za mafuta tofauti iliyobaki. Mpango ukawa mkubwa kuliko akiba yake. Rais William Ruto, katika hotuba ya kuapishwa kwake tarehe 13 Septemba 2022, alisema ruzuku ya mafuta ilikuwa imekula shilingi bilioni 144, na kati ya hizo bilioni 60 zilitumika ndani ya miezi minne tu. Siku iliyofuata ruzuku ya petroli iliondolewa. Petroli Nairobi ikaruka kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa lita. Dizeli ikatoka 140 hadi 165, na mafuta ya taa kutoka 127.94 hadi 147.94.

Baada ya kuondoa, serikali ikaongeza. Tarehe 1 Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na petroli Nairobi ikatoka 182.04 hadi 195.53. Mwezi Agosti ruzuku ilirudishwa kwa muda ili bei isisogee. Septemba ikafika 211.64, na Oktoba 217.36. Bei ilishuka baadaye shilingi ilipopata nguvu mbele ya dola, lakini Julai 2024 tozo ya kukarabati barabara nayo ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita.

Bei hizi ni za Nairobi. Mombasa hulipa kidogo chini yake kwa kuwa karibu na bandari. Miji ya mbali na bandari, ikiwemo ya mpakani, huongezewa gharama ya safari. Chukua mfano wa mwendesha boda boda anayetumia lita 4 kwa siku na kufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Shilingi 7 zilizoongezwa na tozo ya barabara peke yake humtoa shilingi 728 kila mwezi. Pesa hizo hazimpi mteja wa ziada wala safari ya ziada.

Aprili 2022: malori yanapita, pampu zimekauka

Kisa cha kuangaliwa kwa makini ni cha mwishoni mwa Machi na Aprili 2022. Nchi nzima ilikumbwa na foleni za mafuta, na miji ya magharibi ilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuumia. Mafuta hayakuwa yamekosekana duniani wala bandarini.

Kilichotokea kilikuwa ni hesabu ya kawaida ya biashara. Mwenye mafuta akiuza ndani ya Kenya alipata bei iliyozuiwa na serikali, kisha akangoja Hazina Kuu imlipe tofauti. Malimbikizo yalikuwa yamerundikana. Akiuza mafuta yaleyale kwenda nje alilipwa bei kamili, kwa dola, papo hapo. Serikali iliziita kampuni wahodhi na kuzituhumu kwa kupendelea soko la nje, na mkuu wa kampuni moja kubwa akafukuzwa nchini. Kampuni nazo zilisema zimeishiwa mtaji kwa kutolipwa.

Kila upande ulikuwa na lake la kusema, lakini kwa mkazi wa Malaba picha ilikuwa moja. Malori ya tangi yalipita mbele yake kwenda ng'ambo, na kituo cha mafuta cha jirani yake kilikuwa kimefungwa. Hiyo ndiyo njia ya tatu, ya kuahidi na kutolipa. Ruzuku ilikuwa imetangazwa na imo midomoni mwa viongozi. Kilichokosekana ni pesa.

Palipo na tofauti ya bei pana pia njia za panya. Katikati ya 2022 petroli Kampala ilipita shilingi 6,000 za Uganda kwa lita, ambazo kwa kiwango cha wakati ule ni karibu 190 za Kenya au zaidi, ilhali Nairobi ilikuwa 159.12. Faida ya kuvusha dumu moja ilitosha kumshawishi mtu. Maana yake, kila mafuta ya Kenya yalipovushwa kimagendo, ruzuku iliyolipiwa na mlipakodi wa Kenya ilivuka nayo.

Kutoka gesi hadi makaa ya Uganda

Sasa tufike kwenye tabianchi yenyewe, na tuanzie jikoni.

Kenya ina lengo la kila kaya kupika kwa nishati safi ifikapo 2028. Gesi ya mtungi ndiyo iliyowafikia wengi zaidi mijini. Mwaka 2016 serikali iliiondolea gesi kodi ya ongezeko la thamani, na watu wengi wakahamia kwenye mtungi. Julai 2021, Hazina ikitafuta mapato, kodi ya asilimia 16 ilirudishwa. Mapema 2022 mtungi wa kilo 13 ulikuwa umekaribia au kupita shilingi 3,000 katika miji mingi. Julai 2022 kodi ikashushwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa tena. Ndani ya miaka saba sera imegeuka mara nne.

Mafuta ya taa yalikuwa yameshapigwa mapema. Mwaka 2018 yaliwekewa tozo maalumu ya shilingi 18 kwa lita ili kuzuia walaghai wasiyachanganye na dizeli. Sababu ilikuwa ya kweli, maana mafuta yaliyochanganywa huharibu injini na kuchafua hewa. Lakini mwenye jiko la mafuta ya taa hakuwa mlaghai, na hakupewa kitu kingine mahali pake.

Mwaka huohuo, Februari, William Ruto akiwa Naibu wa Rais alitangaza marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma na ya jamii. Makaa ya ndani yakaadimika. Mama aliyeshindwa na gesi, akashindwa na mafuta ya taa, atapika kwa nini? Atarudi kwenye makaa, na makaa yatatoka yanakopatikana. Yalitoka Uganda, kwa magunia, kupitia Busia na Malaba, yakaendelea hadi Kisumu na Nairobi.

Kwa hiyo marufuku ya Kenya ilihifadhi miti ya Kenya huku ya jirani ikikatwa. Kaskazini mwa Uganda, hasa Acholi, wenyeji walilalamika kuwa hata miti ya shea inayowapa mafuta ya kupikia imekuwa makaa. Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya makaa kutoka huko. Miezi miwili baadaye Ruto, sasa akiwa Rais, akaondoa marufuku ya Kenya ya kukata miti. Kodi iliyowekwa Nairobi ili kuziba pengo la bajeti ilikuwa imesaidia kuukata msitu ulio nje ya mipaka ya Kenya, na hakuna hesabu ya bajeti iliyoandika hasara hiyo.

Umeme: nyaya zisizo na mwenye kuzilipia

Katika umeme Kenya ina sifa njema. Karibu tisa ya kila sehemu kumi za umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mpakani uhusiano ni wa zamani. Tangu miaka ya 1950 Kenya hununua umeme wa bwawa la Owen Falls, Jinja, kupitia nyaya za Tororo, mji ulio karibu kabisa na Malaba.

Kinachokosa fedha ni nyaya za kuusambaza umeme huo. Mradi wa kuunganisha vijiji, ulioanza 2015, ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 na kuwasha taa katika mamilioni ya nyumba. Lakini kuunganishwa ni jambo moja, na kumudu ni jingine. Aprili 2023 kiwango cha unafuu kwa kaya maskini kilipunguzwa kutoka uniti 100 kwa mwezi hadi 30. Kinyozi au fundi cherehani wa Busia anayepita uniti 30 hayumo tena katika unafuu.

Kwa upande wa nyaya kubwa serikali ilijaribu njia ya nne. Oktoba 2024 shirika lake la njia za umeme lilisaini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Adani ya India, wenye thamani ya dola milioni 736, kujenga njia kadhaa pamoja na kituo cha Thurdibuoro karibu na Kisumu. Wananchi wengi waliupinga. Tarehe 21 Novemba 2024, baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki mwenye kampuni hiyo, Rais Ruto aliufuta. Kufuta kulishangiliwa bungeni, lakini hakukuleta fedha za kujenga nyaya hizo.

Fedha za tabianchi na mgao wa kaunti

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 iliunda baraza la taifa linaloongozwa na Rais, na mfuko wa tabianchi. Kazi ya mashinani imebebwa zaidi na mpango unaojulikana kwa kifupi kama FLLoCA, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2021, na Ujerumani, Denmark na Sweden zikaongeza. Ili kaunti ipate fedha hizo, lazima iwe na sheria yake ya tabianchi na itenge sehemu ya bajeti yake ya maendeleo. Ni utaratibu mzuri, kwani wanakijiji ndio wanaokaa na kuchagua mradi, uwe kisima, miche au daraja.

Lakini kaunti hutegemea mgao wa taifa. Tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni, Rais Ruto alikataa kuusaini Mswada wa Fedha. Pengo la shilingi bilioni 346 likabaki. Tarehe 5 Julai alisema bilioni 177 zitapunguzwa katika matumizi na bilioni 169 zitakopwa. Mgao wa kaunti ukashuka kutoka bilioni 400.1 hadi 387.4. Kaunti ikipungukiwa hailazi wauguzi wala haifuti mishahara kwanza. Huahirisha maendeleo, na fungu la tabianchi limo humo.

Haki ielezwe pia: mswada ule ulioanguka ulikuwa na mambo yake mabaya kwa tabianchi. Ulipendekeza kuondoa nafuu ya kodi kwa pikipiki za umeme na betri za sola, nafuu iliyokuwa imetolewa mwaka mmoja tu kabla. Waandamanaji waliokoa nafuu hiyo, ingawa wengi hawakuwa wameandamana kwa ajili yake.

Katika Kaunti ya Busia, gharama ya kuahirisha ina jina, nalo ni Budalang'i. Hapo Mto Nzoia huingia Ziwa Viktoria, na watu huishi nyuma ya kingo za udongo zilizojengwa kuzuia maji. Kingo hizo zimewahi kupasuka na kuwahamisha maelfu. Mei 2020 ziwa lilifikia kimo cha rekodi yake ya 1964, na mafuriko ya 2024 yakairudisha adha. Kingo za udongo zinataka kukarabatiwa wakati wa kiangazi, mvua ingali mbali, na hapo ndipo fungu lake huonekana kama linaweza kungoja mwaka ujao. Likingoja, serikali ileile hulipa mahema, unga na dawa.

Wafadhili nao wamepunguza. Mwaka 2025 Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, na pamoja nalo mpango wa Power Africa wa tangu 2013. Mtandao wake wa tahadhari ya njaa ulizimwa Januari 2025. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kuwa itashusha misaada hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Njia ya kumwachia mfadhili mzigo inakuwa nyembamba.

Je, si ni vizuri ruzuku ya mafuta kuondoka?

Hili ni swali la haki na lina watetezi wenye hoja. Ruzuku ya petroli humnufaisha zaidi mwenye gari kubwa kuliko mwenye pikipiki. Hutumia fedha za umma kufanya mafuta yachomwe zaidi. Na kwa nchi ambayo, kwa maneno ya Rais mwenyewe Juni 2024, shilingi 61 katika kila 100 za kodi huenda kulipa deni, bilioni 144 si mchezo.

Hoja hizo ni za kweli. Lakini faida ya tabianchi hupatikana pale tu fedha zilizookolewa zinapomfikisha mtu kwenye nishati bora. Kama mwendesha boda boda wa Busia angepata pikipiki ya umeme na pahali pa kuchaji, lita ikipanda ingemsukuma mbele. Asipopata, anabaki na petroli ileile kwa bei kubwa, na nyumbani mkewe anabadilisha mtungi kwa gunia la makaa. Serikali imepunguza matumizi yake, lakini moshi umeongezeka. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, na wembamba huo uko mpakani, jikoni na kwenye ukingo wa Nzoia.

Namna ya kuisoma bajeti ijayo

Kwa msomaji anayetaka kufuatilia mwenyewe, haya ndiyo ya kutazama:

Tazama bajeti za ziada, si ile ya Juni pekee. Makato makubwa hufanywa katikati ya mwaka, kelele zikiwa zimetulia.
Tofautisha kilichotengwa na kilichotolewa. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti huonyesha vyote viwili, kwa taifa na kwa kila kaunti.
Kodi ya nishati ikiongezwa, uliza watu watahamia nini. Ikiwa jibu ni kuni au makaa, basi hiyo ni sera ya misitu hata kama imeandikwa na Hazina.
Ruzuku ikitangazwa, uliza italipwa lini na kutoka mfuko upi. Aprili 2022 ilionyesha kwamba ruzuku isiyolipwa hukausha pampu.
Mradi ukikabidhiwa kaunti, mfadhili au kampuni, uliza nani atauendeleza akiondoka.

Maswali haya yanahusu Busia na Malaba, na yanahusu Mombasa, Kilifi na Kwale vilevile. Tofauti ni kwamba mpakani jibu hufika mapema, likiwa juu ya lori la makaa au ndani ya dumu la petroli linalovushwa usiku.